“Turn” au “make”? Namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba kusuka kwako kumekuwa biashara

Swali: Assalaamu alaykum mwalimu. Mimi niko Jambiani. Nasuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa ukawa mkoba, tangu mdogo, na mwaka 2021 nikaanza kuwauzia wageni mikoba na makawa ya kufunikia chakula. Nataka kadi ndogo ya kufunga kwenye kila mkoba. Niliandika hivi: “I have changed my weaving to be business since 2021.” Mgeni mmoja akanambia niandike “I made a business out of weaving.” Mwengine akasema hapana, “made a business out of” ni maneno ya kumsema mtu kwa ubaya, bora “I turned my hobby into a business.” Sasa nifuate lipi? Na “commercialise” halifai?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada. Kwenye kadi andika “turn”, na neno “hobby” liache kabisa. Wageni wako wote wawili wamesema kitu chenye ukweli, lakini hakuna aliyekueleza kwa nini, na bila ya kujua kwa nini utakosea tena siku utakapoandika kadi ya makawa.

Tuanze na sentensi yako. Ukiitazama utaona ni “nimegeuza kusuka kwangu kuwa biashara” iliyovishwa nguo za Kiingereza, neno kwa neno. “Kuwa” umeligeuza “to be”, na hapo ndipo ilipokwama. Kiingereza hakisemi kitu kimegeuzwa “to be” kitu chengine. Na “change” peke yake humpa msomaji maana nyengine: akiona “I changed my weaving” atadhani umebadilisha namna ya kusuka, labda umeacha njia nane ukaingia kumi na mbili. Kitu kikihama kutoka hali moja kuingia hali nyengine moja kwa moja, neno lake ni “turn”, na mkia wake ni “into”:

“I turned my weaving into a business.”

Hapa pana jambo ambalo msemaji wa Kiswahili akilishika, mengi mengine humnyookea. Sisi kazi yote tunaimaliza ndani ya kitenzi: tuna geuza, geuka na geukia, na kila kimoja kinajulikana kwa mwisho wake. Kiingereza kina “turn” hilo hilo moja kwa zote tatu. Tofauti inabebwa na maneno madogo yanayofuata, na mpangilio wake. Weka kitu katikati, umepata geuza: “I turned my weaving into a business.” Ondoa kitu hicho, umepata geuka: “My weaving turned into a business”, yaani ilitokea yenyewe, pole pole, bila ya wewe kukaa ukapanga. Badili “into” iwe “to”, umepata geukia: “I turned to weaving”, kazi nyengine ilinishinda nikashika hii.

Sentensi moja inaweza kubeba mbili kati ya hizo, na kwenu pwani ya mashariki ina maana yake: “When the seaweed died, she turned to weaving, and later she turned the weaving into a business.” Mwani wa kottoni umekuwa ukifa maji yakizidi joto, na wapo kina mama waliohamia kazi za mikono kwa sababu hiyo. Jaribu kuhamisha “to” na “into” katika sentensi hiyo uone inavyoharibika. Na ukilisahau kabisa lile neno la katikati ukaandika “I turned into a business”, umesema wewe mwenyewe, mtu mzima, umegeuka biashara.

Mpangilio nao usiuchezee. Kinachogeuzwa hukaa baina ya “turn” na “into”: “turned it into a business”, “turned our cooking into a business”. “I turned into a business my weaving” haisemwi.

Sasa ile “a” ndogo, ambayo kwenye sentensi yako haipo. Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwa hiyo tunaiona kama pambo. Si pambo. “Business” bila ya “a” ni biashara kwa jumla, kule kuuza na kununua: “Business is slow in April”, mwezi wa mvua za masika wageni wachache, biashara inalala. “A business” ni biashara moja iliyosimama, yenye mwenyewe na hesabu yake, kama duka au kampuni, hata ikiwa meza moja chini ya mkungu. Unapogeuza kusuka, unachopata ni hicho cha pili. Kwa hiyo “into a business”. Ukitaka kuongeza sifa, sifa inaingia katikati: “into a small business”, “into a family business”. Ikiwa mko kikundi: “We turned our weaving into a business”, na hapo “a” inabaki hata mkiwa ishirini, kwa kuwa biashara ni moja.

Maandishi yake: s moja baada ya u, mbili mwishoni. “Bussiness” na “busines” zimejaa kwenye vibao vya barabarani. Kutamka ni “biz-nis”, vipande viwili tu. Ile i ya katikati inaandikwa haitamkwi, na ukisema “bi-zi-ne-si” mgeni atakuelewa ila itambidi afikiri kwanza.

Twende kwa mgeni wako wa kwanza, wa “make a business out of”. Msemo huu ni sahihi, na kwa msusi una uzuri wake, kwa sababu umejengwa kama mkoba ulivyojengwa. Kiingereza husema “I make baskets out of palm leaves”: kinachopatikana kinatangulia, malighafi inafuata baada ya “out of”. “I made a business out of weaving” ni mjengo huo huo. Biashara ndiyo mkoba, kusuka ndiyo ukindu, yaani jani la kusukia. Tazama kwamba mpangilio umepinduka ukilinganisha na “turn”: kwa “turn” kusuka kunatangulia, kwa “make … out of” biashara inatangulia. Wengi huchanganya hizi mbili wakatoa “I made weaving out of a business”, yaani nilikuwa na biashara nikaibomoa nikapata kusuka. Kuna na “make … into”, ambayo hufuata mpangilio wa “turn”: “I made my weaving into a business.” Inaeleweka na inasemwa, ila “turn” husikika zaidi.

Je, ni maneno ya ubaya, kama alivyosema mgeni wa pili? Yenyewe, hapana. Ubaya unatoka kwenye kile kinachowekwa baada ya “out of”. Ukiweka kazi au ujuzi, ni sifa: “She made a business out of her grandmother's recipes”, mapishi ya bibi yake yamempa biashara. Ukiweka kitu ambacho watu wanaona si cha kuuzwa, inakuwa lawama: “He made a business out of other people's grief”, misiba ya wenzake ameifanya mtaji. Kiswahili nacho kinafanya hivi hivi. “Amefanya biashara ya mikoba” hakuna anayestuka, “amefanya dini biashara” kila mtu anajua mtu anasemwa. Huyo mgeni masikio yake yamezoea sentensi za aina ya pili. Kwa mazungumzo ya mdomo, ukiwa barazani na mkoba mkononi, “I made a business out of it” sema bila ya wasiwasi. Kwenye kadi, ambako hupo wewe kueleza, “turn” ni salama zaidi, maana haina kivuli chochote.

Kuwa macho na ndugu yake aliyepoteza “out”: “make a business of”. Una harufu ya Kiingereza cha zamani, na mara nyingi unaelekea kwenye “kulifanya jambo ndiyo kazi yake ya kila siku”, hata lisilo na fedha ndani yake. “He makes a business of finding fault” ni mtu ambaye shughuli yake ni kutafuta makosa ya wenzake. Usiutumie kwenye kadi.

Na ukiongeza “it” umetoka kabisa kwenye biashara. “I make it my business to check every seam” haina uhusiano na kuuza. Maana yake ni: nimejipa kazi ya kukagua kila mshono, siuachi upite. Huu ni msemo mzuri mno kwa fundi, na ukitaka mstari wa pili wa kadi unaosema kwamba mikoba yako haifumuki, ni huu. Baada yake huja “to” na kitenzi. Namna “business” ilivyofika hapo inaeleweka ukijua asili yake: neno limetokana na “busy”, kuwa na shughuli, na lilianza kwa maana ya shughuli na mambo yanayomhusu mtu kabla ya kuelemea kwenye kuuza na kununua. Ndiyo maana “it's none of your business” ni “hayakuhusu”. Lakini usirudi nalo kinyumenyume: shughuli ya harusi si “business”. “I have a business on Sunday” kwa kumaanisha “nna shughuli Jumapili” itamfanya mgeni aulize unauza nini.

Sasa “hobby”, ambalo mgeni wa pili alikupa kwa nia njema. “Turn a hobby into a business” ni msemo uliozoeleka sana, umejaa kwenye vitabu vya ujasiriamali, ndiyo maana ulimjia haraka. Lakini “hobby” ni jambo mtu analofanya kwa kujifurahisha wakati wa mapumziko: kukusanya stempu, kupiga picha za ndege. Kusuka ukili Unguja na Pemba hakujawahi kuwa hilo. Mikeka ya kulalia, majamvi ya msikitini, makawa ya kufunikia chakula, vyote vimetoka kwenye mikono hiyo, na ujuzi wake umerithishwa mama kwa mwana. Ukiuita “hobby” unamwambia mnunuzi kwamba kitu alichoshika ni cha mchezo, na atakipa bei ya mchezo. Neno lako ni “craft”, ufundi wa mikono. “I turned my craft into a business.” Au useme wazi: “I turned what my mother taught me into a business.” Sentensi hii ya pili ni ndefu kidogo lakini Kiingereza chake ni safi, na inasema kweli yako yote.

Kuhusu “weaving” yenyewe: anayetaka usahihi wa kitaalamu atakwambia kusuka ukili ni “plaiting”, kwa sababu “weaving” hasa ni kufuma kwa kitanda cha mfumi. Usihangaike. “Basket weaving” ndiyo lugha ya kawaida, na “a plaiting business” wageni wengi wataidhania ya nywele. Kiswahili chetu kimeweka nywele na ukili kwenye kitenzi kimoja, Kiingereza cha kila siku hakikufanya hivyo. Ila umbo liwe “my weaving”, si “my weave” wala “my to weave”. Kila unapotaka kukigeuza kitendo kuwa biashara, kitendo hicho kinavaa -ing: cooking, sewing, soap making, henna painting.

Wakati. “Nimegeuza” inatuvuta kuandika “I have turned”, kwa kuwa -me- na “have” zinafundishwa skuli kama pacha. Zinaachana mara tu unapotaja tarehe. Ukiweka mwaka, Kiingereza kinadai wakati uliopita: “In 2021 I turned my craft into a business.” “I have turned … in 2021” ni kosa. “Since 2021” nayo haiendi na “turn”, kwa sababu kugeuza ni tendo la mara moja. “Since” inataka jambo linaloendelea: “I have been selling baskets since 2021.” Na “tangu” yetu inakubali “tangu miaka mitatu”, lakini “since three years” haipo. Urefu wa muda ni “for”: “for three years”.

Kosa jengine linatokana na kiunganishi chetu “ya”. Biashara ya mikoba huwa “business of baskets” kwenye vibao vingi. Kiingereza hukitanguliza kinachouzwa, tena kwa umoja: “a basket business”, “a spice business”, “a soap business”. Mikoba iwe mia, ni “basket business”. Kufanya biashara ya mikoba si “do business of baskets”. Ni “I sell baskets”, au “I run a basket business”. “Do business” ipo, lakini ni kufanya biashara na mtu: “We do business with two hotels in Paje.” Kuingia biashara na mwenzio: “I went into business with my sister”, hapo tena bila ya “a”, kwa kuwa ni biashara kwa jumla.

Kuna njia nyengine ambayo hukuiuliza na pengine inakufaa kuliko zote, ikiwa unasuka peke yako nyumbani na huna duka wala wafanyakazi. “Make a living.” “Living” hapa ni riziki. “I make my living from weaving”, au “I weave baskets for a living”: kusuka ndiko kunakoniweka mjini, ingawa mji wenyewe ni Jambiani. Haidai kwamba una kampuni, inadai tu kwamba kazi hii ndiyo inayolisha nyumba, na mnunuzi mwenye moyo anaelewa uzito wake. Ila iandike ikiwa ni kweli. Kama kusuka ni nyongeza tu juu ya mwani au kilimo, yupo msemo wake: “I weave baskets to earn extra income.” Kihusishi cha “living” ni “from” au “out of”, au “by” na -ing: “by weaving”. “A living of weaving” usiandike.

“Commercialise” halifai kadi. Ni neno la ripoti na maofisa, na linatumika vizuri kwa uvumbuzi unaopelekwa sokoni. Likiwekwa karibu na utamaduni huchukua lawama: mtu akisema “taarab has become too commercialised” anasikitika kwamba fedha zimeitoa taarabu kwenye asili yake. Nawe hutaki kujilaumu kwenye kadi yako mwenyewe. “Monetise” ni la mitandaoni zaidi, kwa wenye video na wafuasi. Yote mawili huandikwa na s Uingereza na z Marekani, usikubali mtu akwambie moja ni kosa. Sifa “commercial” peke yake haina ubaya: “commercial seaweed farming began in Zanzibar in 1989”, kilimo cha mwani cha kuuza.

Kadi, basi. Kwa karatasi ya ukubwa wa kiganja sentensi tatu zinatosha:

“I learned to weave from my mother. In 2021 I turned the craft into a small business. Every basket is made by hand from wild date palm leaves, and I make it my business to check every seam.”

Nimeandika “the craft” na si “my craft” kwa kuwa sentensi ya kwanza imeshautaja ufundi huo, “the” inarudi kwake. “By hand” ni maneno mawili hapa. Ukiliweka mbele ya mkoba linakuwa moja: “a handmade basket”. “Wild date palm” ndiyo mkindu. Usiandike “raffia”, ambayo ni jani la mti mwengine wa jamii ya minazi, wala “straw”, ambayo ni mabua makavu ya nafaka, na mnunuzi anayejua atakuona humjui ukindu wako. Ikiwa unasukia miyaa, basi badilisha jina la jani, na kwa makawa badilisha “basket” iwe “food cover”. “Kawa” hasa ni vyema ulibakize kwa jina lake na kulieleza mara moja: “Every kawa, a woven cover for food, is made by hand.” Wageni wanapenda kuondoka na jina la kitu pamoja na kitu chenyewe.

Na wakikuuliza kwa mdomo “Is this your job?”, jibu fupi kabisa ni “Yes, I weave for a living.” Kisha nyamaza waushike mkoba.